Ugomvi ni na serikali, bili analetewa mwananchi

Mataifa hupenda kusema hayana neno na watu wa nchi fulani, ila na watawala wao. Kauli hiyo hupimwaje?

IJUMAA ya Januari 31, 2020, Serikali ya Marekani ilitangaza maamuzi mawili yaliyoigusa Tanzania. La kwanza lilitoka Wizara ya Mambo ya Nje: Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alizuiwa kuingia Marekani kwa tuhuma za kuhusika na ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu. La pili lilitoka White House: Rais Donald Trump aliongeza nchi sita kwenye orodha ya mataifa yanayobanwa viza, Tanzania ikiwamo. Kwa Tanzania na Sudan, kilichofungwa kilikuwa bahati nasibu ya viza, ile ambayo vijana wa mjini huiita grini kadi, na ambayo kwa sheria ya Marekani inaweza kutoa hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima.

Tuyaweke maamuzi hayo sambamba. La kwanza lina jina la mtu, wadhifa wake na tuhuma anazoelekezewa. Mtu huyo anaweza kujibu, kukana au kunyamaza, na jirani yake hapungukiwi kitu. La pili lilitokana na vigezo vinavyohusu kazi za serikali, kama vile utambulisho wa wasafiri na ubadilishanaji wa taarifa za usalama, lakini aliyebeba gharama ni kijana aliyejaza fomu, ambaye hajawahi kushika faili lolote la Uhamiaji. Rais Joe Biden alilifuta zuio hilo Januari 20, 2021, siku aliyoapishwa. Kwa karibu mwaka mzima, mwombaji wa kawaida aliadhibiwa kwa kasoro za ofisi asiyoiongoza.

Mabalozi na mawaziri wa nchi za nje wana sentensi moja wanayoipenda kuliko zote: hatuna ugomvi na wananchi, ugomvi wetu ni na utawala. Imetumika kuhusu Iraq, Iran, Cuba, Zimbabwe, Urusi na Burundi. Kwa maneno ni sentensi nzuri, wala hakuna mtu muungwana atakayeipinga. Lakini haina thamani yoyote mpaka ijibu maswali mawili. Je, anayebanwa ana nguvu yoyote ya kubadili kinacholalamikiwa? Na je, wale wanaosemewa wameomba hatua hiyo, au angalau wamesikilizwa? Pakikosekana majibu, mgeni anayedai kutenganisha watu na mfumo anakuwa ametenganisha kwa mdomo tu.

Majirani walipoifungia Burundi

Mtu asidhani hili ni tatizo la mataifa makubwa ya mbali. Julai 25, 1996, Meja Pierre Buyoya, aliyekuwa ameitawala Burundi kuanzia 1987 hadi 1993, alirudi madarakani kwa mapinduzi ya kijeshi. Rais Sylvestre Ntibantunganya alikuwa tayari amekimbilia kwenye makazi ya balozi wa Marekani mjini Bujumbura. Nchi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Melchior Ndadaye, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa kuwa rais katika uchaguzi wa ushindani. Siku sita baada ya mapinduzi ya Buyoya, viongozi wa kanda walikutana Arusha, Mwalimu Julius Nyerere akiwa msuluhishi, wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Walitaka Bunge lirejeshwe, vyama vya siasa vifunguliwe, na mazungumzo yafanyike na pande zote bila masharti.

Madai yalikuwa ya haki. Nani angesimama kutetea serikali iliyoingia kwa bunduki katika nchi iliyokuwa ikizika watu kila wiki? Shida ilikuwa kwenye jiografia. Burundi haina bahari. Mafuta, saruji, mbolea na bidhaa za viwandani ziliingia kwa sehemu kubwa kupitia Dar es Salaam, zikaenda kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli juu ya Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Kahawa, iliyokuwa ikiiletea nchi sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni, ilitoka kwa njia hiyohiyo. Na kahawa ya Burundi hailimwi na majenerali. Inalimwa na familia zenye vipande vidogo vya ardhi milimani, nyingi zikiwa za Wahutu, yaani watu walewale ambao jumuiya ya kanda ilisema inawatetea.

Kilichofuata kiliandikwa sana wakati ule. Bei ya mafuta ilipanda kupita kiasi. Magendo yalistawi kupitia mipaka ya Rwanda na Zaire na juu ya ziwa lenyewe, na waliofaidika ni wenye magari, walinzi na jamaa serikalini. Pipa la mafuta lililoingia kwa siri lilimfikia mwenye cheo kabla ya kuifikia gari ya wagonjwa. Mwezi Aprili 1997 viongozi wa kanda wenyewe walilegeza vikwazo kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo. Ukiisoma orodha hiyo ya vilivyoachiwa, unapata picha ya waliokuwa wameumia kwa miezi tisa: mgonjwa, mwanafunzi, mkulima. Mwaka 1998 shirika la International Crisis Group lilitaka vikwazo viondolewe na nguvu zielekezwe kwenye mazungumzo. Vilisitishwa Januari 1999.

> Orodha ya vilivyoachiwa Aprili 1997 inaonyesha nani aliumia: mgonjwa, mwanafunzi, mkulima

Watetezi wa vikwazo vile wana hoja mbili ambazo haifai kuzipita juu juu. Ya kwanza ni kwamba vilifanya kazi. Septemba 1996 Buyoya alilirudisha Bunge na kuruhusu vyama, ingawa kwa mipaka; Juni 1998 mazungumzo ya pande nyingi yalifunguliwa Arusha; na Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki na Nelson Mandela akiwa amechukua nafasi yake, mkataba ulitiwa saini. Ya pili ni kwamba havikulazimishwa kutoka nje tu. FRODEBU, chama kilichoshinda uchaguzi wa 1993, kiliviunga mkono. UPRONA, chama cha Buyoya, ndicho kilichovilaani.

Hoja ya pili ina uzito, na ndiyo inayoitofautisha Burundi na visa vibaya zaidi. Ya kwanza inahitaji kuangaliwa tarehe. Bunge lilirudi ndani ya wiki sita au saba, wakati ambapo kilichokuwa kimeuma zaidi ni fedheha ya kutengwa na hofu ya kinachokuja. Baada ya hapo vikwazo viliendelea zaidi ya miaka miwili, na wakati wote huo yaliyokuwa yakipungua hayakuwa madaraka ya jeshi. Mkulima wa Ngozi au Gitega hakuwa na kura, hakuwa na redio ya kujibu, hakuwa na mbunge wa kumbana. Kumkatia mbolea ili Buyoya abadilike ni kumtuma kazi ambayo hana zana zake.

Nyerere yuleyule, London 1959

Hapo msomaji anaweza kuuliza: mbona basi tunasifu vikwazo dhidi ya Afrika Kusini? Swali ni zuri, na linapendeza zaidi kwa sababu mtu mmoja yumo katika kurasa zote mbili. Juni 26, 1959, katika mkutano uliofanyika London, Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU na nchi yake ikiwa bado chini ya Uingereza, alikuwa mmoja wa wasemaji wakuu wa kuanzishwa kwa kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kampeni ile ndiyo iliyokuja kuwa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi. Wito wenyewe haukuwa umebuniwa London. Ulitoka kwa Chifu Albert Luthuli na chama chake cha ANC, yaani kwa wale ambao wangeumia kwanza.

Serikali ya Pretoria, na baadaye Margaret Thatcher kule Uingereza, walirudia hoja moja kwa miaka: vikwazo vitamuumiza mtu mweusi. Kwa kipimo cha uchumi hawakuwa waongo. Mgodi ukifungwa, anayepoteza kazi kwanza ni mchimbaji. Lakini mchimbaji yule alikuwa na watu waliomsemea ambao hakuwekewa na mgeni yeyote: vyama vya wafanyakazi, makanisa, viongozi waliokuwa gerezani na uhamishoni. Wengi wao walisema wako tayari kuibeba gharama. Si wote. Mangosuthu Buthelezi wa Inkatha alipinga vikwazo, na Helen Suzman, mbunge mzungu aliyepambana na ubaguzi kwa miongo kadhaa, naye alivipinga. Wananchi hawana sauti moja, na mgeni akisema amewasikiliza wananchi yafaa aulizwe ni wepi. Hata hivyo, sauti kubwa ya waliodhulumiwa Afrika Kusini ilisikika vya kutosha, na ilisema susieni.

Jibu la swali lile lingine, la nguvu ya kubadili, nalo linatofautiana na la Burundi. Ubaguzi wa rangi uliwekwa na kura. Wazungu waliipa National Party ushindi mwaka 1948, na wakaendelea kuirudisha madarakani uchaguzi baada ya uchaguzi. Kwa hiyo aliyekosa kuiona timu yake ya raga ikicheza na dunia, na aliyeona benki za nje zikikataa kuongeza muda wa mikopo katikati ya miaka ya 1980, alikuwa na karatasi ya kura mkononi. Machi 17, 1992, wapiga kura hao wazungu waliulizwa kama mageuzi ya Rais F.W. de Klerk yaendelee. Takriban asilimia 69 walisema ndiyo. Sidai kwamba vikwazo peke yake vilileta jibu hilo. Mapambano ya ndani yalifanya kazi kubwa zaidi. Lakini shinikizo lilikuwa limeshuka mahali penye mkono wa kufungua mlango.

> Mwenye kura anaweza kubanwa. Asiye na kura anaweza kuumizwa tu

Na kuna jambo la tatu, ambalo husahaulika kwa sababu haliwahusu wanaosusiwa. Anayesusa analipa nini? Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine za Afrika zaidi ya 20 ziliacha Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, iliyokuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Medali ya dhahabu ya mbio hizo ilikwenda kwa John Walker, na Walker ni raia wa New Zealand. Mwanariadha wetu bora alilipa kwa msimamo wa nchi yake. Ukilinganisha na taifa linalofunga viza za wengine bila kupoteza senti, utaona kwa nini msimamo wa Montreal bado unaheshimika hata na waliouona kuwa mkali mno.

Lakini je, serikali si watu?

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo hutolewa na watu wenye akili. Wanasema kutenganisha wananchi na mfumo ni kudanganyana. Serikali haishuki kutoka mawinguni. Ina makarani, polisi, wahasibu, walimu wanaofundisha historia kama ilivyoamriwa, wafanyabiashara wanaopata zabuni. Wote hao ni wananchi. Kumwona kila raia kuwa mateka asiye na hatia ni kumvua utu wake wa kuamua, kama vile nyasi za methali zinazoumia wapiganapo tembo. Nyasi hazina rai, watu wanayo.

Nakubali nusu ya pingamizi hilo, na nusu hiyo inaisaidia hoja ya makala haya. Ikiwa watu wana rai na viwango tofauti vya madaraka, basi neno wananchi halitoshi kuwa anwani ya adhabu wala ya huruma. Karani aliyeandika amri ya kukamata watu hana fungu moja na muuza dagaa. Mwenye zabuni ya jeshi hana fungu moja na mkulima wa kahawa. Pingamizi linadai tuache kuwachukulia raia wote kuwa sawa, na hilo ndilo ambalo vikwazo vya jumla haviwezi kulifanya, kwa kuwa vinalipiga taifa zima kwa rungu moja.

Iraq ni ushahidi mkubwa wa hilo. Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo vya jumla Agosti 6, 1990, baada ya Iraq kuivamia Kuwait. Denis Halliday, aliyesimamia misaada ya kibinadamu ya Umoja huo nchini humo, alijiuzulu mwaka 1998 kwa kupinga yaliyokuwa yakiwapata raia. Mrithi wake, Hans von Sponeck, naye akajiuzulu mwaka 2000. Baadhi ya takwimu za vifo vya watoto zilizotangazwa miaka ile baadaye ziligunduliwa kuwa zilichezewa na utawala wa Saddam Hussein, na ni haki kulisema hilo. Lakini ziondoe zote mezani, bado linabaki jambo lisilopingika: kwa miaka mingi chakula cha familia kiligawiwa kwa kadi ya mgawo iliyotolewa na serikali. Adhabu iliyokusudiwa kumdhoofisha Saddam ilimpa funguo za jiko la kila nyumba. Aling'olewa na majeshi ya kigeni mwaka 2003. Njaa haikumtikisa.

Afrika Magharibi ilirudia somo hilo juzi tu. Januari 2022 jumuiya ya ECOWAS iliibana Mali, na siku chache baadaye umati mkubwa ulijaa katikati ya Bamako ukiwaunga mkono wanajeshi walioitawala nchi. Julai 2023, wanajeshi walipompindua Rais Mohamed Bazoum, ikawa zamu ya Niger. Nigeria ilikata umeme iliokuwa ikiiuzia, na malori ya mizigo yakajipanga upande wa Benin yakisubiri mpaka ufunguliwe. Vikwazo vingi viliondolewa Februari 2024 bila Bazoum kurudi madarakani. Januari 2025, Mali, Niger na Burkina Faso zilitoka rasmi ECOWAS. Wanajeshi walijifunika bendera ya taifa, na aliyewapa bendera hiyo ni jirani aliyezima taa za hospitali.

Nduli alikuwa na jina

Tanzania ina kumbukumbu nyingine inayoonyesha kwamba utenganisho huu unawezekana, na pia mahali unapovunjika. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Radio Tanzania haikufundisha wasikilizaji kuwachukia Waganda. Adui alikuwa na jina moja, nduli Amin. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na wanajeshi wa Tanzania, na Machi 1979 walikutana Moshi kuunda chombo cha kuiongoza nchi yao baada ya Amin. Walisikilizwa, tena walishika silaha. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Hata hivyo, kabla ya hapo miji ya Masaka na Mbarara ilikuwa imebomolewa vibaya, kwa kiasi kikubwa kama kisasi cha Kagera. Wenye nyumba zile hawakuwa wamevamia nchi ya mtu. Kauli ya redio ilikuwa sahihi, baruti haikuisikiliza.

Ni rahisi pia kuwaona wageni tu kuwa ndio wanaochanganya mambo. Mwishoni mwa 1997, huku nchi yetu ikiwa mstari wa mbele kudai haki za Warundi dhidi ya Buyoya, wanajeshi waliwakusanya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakiishi vijijini magharibi mwa Tanzania, wengi wao Warundi, na kuwapeleka kambini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa miaka mingi na waliooana na Watanzania. Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu jambo hilo mwaka 1999. Serikali ilitaja usalama wa mpaka, na Burundi ilikuwa kweli ikiituhumu Tanzania kuwahifadhi waasi. Lakini mke wa Mtanzania aliyelima Kasulu hakuwa muasi kwa sababu tu babu yake alizaliwa Makamba, Burundi. Haki ya kulisema hili inakuja pamoja na wajibu wa kusema lingine: nchi hiihii iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kutoka miongoni mwa waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi na vizazi vyao, jambo ambalo mataifa machache duniani yamewahi kulifanya.

Kuna upande mwepesi wa suala hili ambao nautaja tu. Mgeni anayerudi kwao akisema watu wa nchi ile ni wakarimu mno ila serikali yao ni mbaya anadhani ametoa sifa. Mara nyingi amekutana na mhudumu wa hoteli, dereva na muuza vinyago, watu ambao kipato chao kinategemea tabasamu. Sifa hiyo haimgharimu kitu, wala haimsaidii mhudumu yule siku anapoomba viza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi wanachama nane, baadhi zikiwa na vita ndani ya mipaka yao au jirani kabisa. Siku si nyingi wakuu wake wataombwa tena kuibana mojawapo. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaoketi Arusha wadai mapema kwamba tamko lolote la vikwazo litaje majina ya wanaolengwa na mali zao, lieleze ni chama, kanisa, msikiti au umoja gani wa wafanyakazi wa nchi husika ulioomba hatua hiyo, liweke tarehe ya kupitiwa upya isiyozidi miezi mitatu, na lisiguse mafuta ya hospitali, mbolea wala karatasi za shule hata siku moja. Tamko lisilo na mambo hayo lisisainiwe.